Meno ya utotoni si ya kungoja yaanguke

Jumatatu moja asubuhi, mama mmoja aliingia katika kliniki yangu, mashariki mwa Nairobi, akiwa amembeba mtoto wa kiume wa miaka minne. Shavu la kushoto la mtoto huyo lilikuwa limevimba hata jicho likakaribia kufumba. Alikuwa na homa kali, hakuwa amelala kwa siku mbili, na alikuwa amekataa kila chakula isipokuwa chai ya vuguvugu. Mama alidhani ni matumbwitumbwi.

Nilipofungua kadi ya mtoto, niliona haya. Katika muda wa miezi saba alikuwa ameletwa kwangu mara tatu. Mara ya kwanza mama alisema hali vizuri na uzito wake hauongezeki. Nikaandika dawa ya minyoo na vitamini. Mara ya pili alikuwa akilia usiku na kushika sikio. Nikaandika dawa ya maumivu. Mara ya tatu alikuwa na tezi zilizovimba chini ya taya. Nikaandika dawa ya kuua viini, yaani antibiotiki. Mara zote tatu nilimwambia afungue kinywa, nikamulika tochi hadi kooni, nikatazama tonsili, nikazima tochi. Macho yangu yalipita juu ya magego mawili yaliyooza bila kuyaona, kwa sababu sikuwa nikiyatafuta.

Siku hiyo nilimwuliza mama kama mtoto amewahi kulalamika kuhusu meno.

"Hulalamika, daktari," akanijibu. "Lakini haya si ni ya utotoni tu? Si yataanguka?"

Mtoto huyo alilazwa siku nne, akatiwa dawa kwa mshipa, na magego mawili yaking'olewa. Alipona. Lakini swali la mama yake sijalisahau, kwa sababu ndilo ninalolisikia karibu kila wiki kutoka kwa wazazi wa kila aina, wenye elimu na wasio na elimu, wanaokuja kwa matatu na wanaokuja kwa gari lao. Na kusema kweli, mimi mwenyewe nilikuwa nikiishi kana kwamba jibu la swali hilo ni ndiyo.

Jibu ni hapana. Meno ya utotoni huanguka, lakini hayaanguki upesi kama tunavyodhani, na jino lililooza halimngojei mtoto akue.

Hebu tuhesabu pamoja. Mtoto huanza kuota meno akiwa na umri wa karibu miezi 6. Afikapo miaka 3 huwa amekamilisha meno 20. Meno ya mbele huanza kung'oka afikapo miaka 6 hivi, na hapo ndipo wazazi hupata fikira kwamba yote yatakwisha mara moja. Sivyo. Magego ya utotoni hukaa kinywani hadi mtoto awe na umri wa miaka 9, 10, hata 12. Basi gego lililotoboka mtoto akiwa na miaka 3 linaweza kukaa naye miaka saba au zaidi. Ni nani kati yetu watu wazima angekubali kukaa na jino bovu miaka saba, akila kwa upande mmoja na kuamka usiku, kwa matumaini kwamba siku moja litaanguka lenyewe?

Isitoshe, meno haya yana kazi. Mtoto hutafunia, na kwayo hujifunza kutamka maneno sawasawa. Pia huwashikia nafasi ndugu zao, yaani meno ya ukubwani, ambayo yanakua chini yake ndani ya taya. Gego la utotoni likitolewa kabla ya wakati, meno ya jirani husogea na kuziba ile nafasi, na jino la ukubwani linapokuja hukosa mahali, likaota upande. Na jipu likikaa muda mrefu kwenye mzizi wa jino la utotoni, laweza kuharibu lile jino changa lililo chini yake hata kabla halijachomoza.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtoto afikapo miaka 6, gego jipya huota nyuma kabisa, nyuma ya magego yote ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Kwa kuwa hakuna lililoanguka, mzazi hudhani hilo nalo ni la utotoni. Kumbe ni jino la maisha. Likiota katika kinywa kilichojaa meno mabovu, linakaribishwa na viini vilevile vilivyoharibu majirani zake.

Tatizo hili si la mtoto mmoja wala la mtaa mmoja. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa ambao ripoti yake ilitolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wa miaka 5 hapa Kenya walikuwa na meno yaliyooza. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba watoto milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza. Ni ugonjwa ulioenea kuliko mengi tunayoyatangazia kwa vipaza sauti, na wagonjwa wake wengi hawatibiwi.

Jino huoza vipi? Wengi huamini kuna mdudu anayetoboa. Hakuna mdudu wa namna hiyo. Katika kila kinywa mna viini vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hujishikiza juu ya meno kama utando laini. Tunapokula sukari, viini hivi navyo hula, kisha hutoa asidi. Asidi hiyo huyeyusha madini ya gamba gumu la nje la jino. Mate hujaribu kuiosha na kurudisha madini yaliyopotea, lakini kazi hiyo huchukua nusu saa au zaidi kila tunapokula. Basi mtoto anayekunywa soda moja pamoja na chakula cha mchana, mate yake hupata nafasi ya kufanya kazi. Mtoto anayetembea na chupa ya juisi tangu asubuhi hadi jioni, akipiga funda moja moja, meno yake huoga asidi mchana kutwa. Kinachoharibu si wingi wa sukari tu, bali pia ni mara ngapi inaingia kinywani.

Usiku ni mbaya zaidi, kwa kuwa mate hupungua mtu anapolala. Ndiyo maana mtoto anayelala na chupa ya maziwa au ya chai yenye sukari mdomoni huharibikiwa kwanza na meno manne ya mbele ya juu. Na kwa kuwa gamba la meno ya utotoni ni jembamba kuliko la meno ya ukubwani, tundu huingia ndani haraka. Kwa mtu mzima pengine lingechukua miaka. Kwa mtoto linaweza kufika kwenye mshipa wa fahamu kwa miezi kadhaa tu.

Hapo ndipo maumivu huanza, na mtoto mdogo hajui kuyaeleza. Hasemi "gego langu la chini linauma." Husema "sitaki." Hukataa nyama, hukataa mahindi, hutafuna upande mmoja, huomba uji na chai. Huamka usiku akilia. Huwa mkali kwa wenzake shuleni, na mwalimu humwita mtundu. Katika nchi kadhaa imeonekana kwamba watoto wenye meno yaliyooza sana huwa na uzito mdogo kuliko wenzao. Sisi wenye kliniki tunapomwona mtoto wa namna hiyo tunafikiria minyoo, tunafikiria upungufu wa damu, tunafikiria kila kitu isipokuwa kile kinachotutazama tunapomfungua kinywa.

Na jipu likitunga, mzazi hukimbilia duka la dawa. Hapewa antibiotiki, uvimbe hushuka kwa wiki mbili, kila mtu hufurahi. Lakini dawa haiwezi kuponya jino ambalo kiini chake kimekwisha kufa. Chanzo kimebaki palepale, na uvimbe utarudi. Nimeona watoto waliopewa dawa hizo mara nne, mara tano, kwa jino lilelile. Kila mara tunavipa viini nafasi ya kuzizoea dawa ambazo siku moja tutazihitaji kwa nimonia. Na mara chache, lakini si kamwe, usaha wa jino huenea chini ya ulimi na shingoni ukaziba njia ya pumzi. Huo ni ugonjwa unaoweza kuua, na chanzo chake ni tundu ambalo lingeonekana kwa jicho mwaka mmoja kabla.

Sasa nani alaumiwe? Ni rahisi kumlaumu mama. Lakini mama yule alimleta mtoto wake kliniki kwa kila chanjo. Alimleta kwangu mara tatu. Alifanya kila alichoambiwa, na hakuna aliyemwambia lolote kuhusu meno.

Nasema wa kwanza kulaumiwa ni sisi wahudumu wa afya. Tumegawanya mwili wa binadamu kana kwamba kinywa ni wilaya ya watu wengine, nasi hatuna ruhusa ya kuingia bila barua. Mtoto wa Kenya hukutana na muuguzi mara nyingi kabla ya kwenda shule. Hupewa chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Hupewa vitamini A kila miezi sita tangu miezi 6 hadi miaka 5. Hupimwa uzito na urefu. Katika ziara hizo zote, kuna ubaya gani muuguzi akiinua mdomo wa juu wa mtoto kwa kidole na kutazama meno? Haichukui hata dakika moja. Haihitaji mashine wala umeme.

Atakachotafuta ni alama nyeupe, kama chokaa, kando ya ufizi kwenye meno ya mbele. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kuoza, kabla tundu halijatokea, na katika hatua hiyo jino bado laweza kuokolewa kwa mswaki, dawa ya meno yenye floraidi na kuacha chupa ya usiku. Akiona rangi ya kahawia yenye shimo, amtume mtoto kwa daktari wa meno mara moja, bila kungoja maumivu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kama kuna mahali ambapo methali hiyo ni kweli tupu, ni kwenye jino la mtoto.

Najua nitaambiwa kwamba wauguzi wamelemewa na kazi, foleni ni ndefu, na kuna malaria na nimonia ambazo huua. Ni kweli. Lakini mtoto mwenye jipu la jino naye yumo katika foleni hiyohiyo, tena amerudi mara ya tatu. Kumtazama mapema kunapunguza foleni. Nitaambiwa pia kwamba madaktari wa meno ni wachache na wengi wako mijini. Hilo nalo ni kweli. Lakini Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya (KMTC) hufunza maofisa wa afya ya kinywa wa jamii, na zipo tiba zisizohitaji ile mashine ya kutoboa ambayo watoto huiogopa. Ipo dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi, ambayo hupakwa kwenye tundu na kusimamisha uozo. Hulifanya jino liwe jeusi mahali palipooza, lakini humwondolea mtoto balaa. Ipo pia saruji maalumu ya kuziba tundu baada ya kulikwangua kwa kifaa cha mkono. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliziingiza tiba hizi mbili, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, katika orodha yake ya dawa muhimu. Hazimo huko kwa ajili ya matajiri.

Wa pili wa kuulizwa ni serikali za kaunti. Chini ya Katiba ya 2010, zahanati na vituo vya afya viko mikononi mwa kaunti, na shule za chekechea pia ziko mikononi mwa kaunti. Maana yake ni kwamba mtoto wa miaka minne akiwa darasani au akiwa zahanati, mwenye dhamana naye ni yuleyule mmoja. Gavana hahitaji kumwandikia mtu barua Nairobi ili muuguzi wa zahanati aende kwenye chekechea iliyo ng'ambo ya barabara mara moja kila muhula, kuwainua watoto mdomo. Hahitaji sheria mpya ili watoto wapige mswaki pamoja baada ya uji wa saa nne. Wizara ya Afya ilitoa sera ya kitaifa ya afya ya kinywa ya miaka 2022 hadi 2026. Sera ni nzuri, lakini sera haishiki mswaki. Msomaji amwulize mwakilishi wake wa wadi: katika bajeti ya afya ya kaunti yetu, meno ya watoto yametengewa nini?

Na wenye shule za binafsi za mitaani nawaomba jambo moja. Acheni kuwazawadia watoto lolipopu kwa kupata hesabu sawa. Wapeni kibandiko, wapeni penseli, wapigieni makofi.

Wa tatu ni sisi wazazi, na nasema sisi kwa kuwa nami nina watoto. Haya ndiyo ninayowaambia wazazi siku hizi, baada ya aibu ile ya Jumatatu.

Anza kusafisha jino la kwanza linapochomoza. Tumia mswaki mdogo laini, mara mbili kwa siku, na mara ya usiku isikose hata siku moja. Baada ya hapo mtoto asipewe kitu isipokuwa maji. Tumia dawa ya meno yenye floraidi. Kipimo kimeandikwa kwenye pakiti, nacho kiwe 1000 au zaidi. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, weka kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia miaka 3 hadi 6, weka kiasi cha punje ya minji. Mtoto ateme povu, wala si lazima asukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki ikifanya kazi.

Mzazi ndiye apige mswaki, si mtoto. Mtoto ambaye hawezi kufunga kamba za viatu vyake hawezi kusafisha gego la nyuma. Msaidie hadi afike miaka 7 au 8. Kama mtoto hushinda na yaya au na nyanya yake, basi yaya na nyanya nao waelezwe, kwa maana huko ndiko biskuti na chupa za kumnyamazisha hutoka.

Kunyonyesha kusiachwe kwa sababu ya meno. Maziwa ya mama ni bora, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye hadi miaka 2 na zaidi. Lakini meno yakishaota, yasafishwe kabla ya kulala. Chupa ya kitandani, ikiwa ni lazima, iwe ya maji matupu. Afikapo mwaka mmoja, mfundishe kunywa kwa kikombe.

Dawa nyingi za maji tunazowaandikia watoto zina sukari ili zisiwe chungu. Mtoto akipewa dawa hiyo usiku, apigwe mswaki baadaye. Mwulize daktari au mwenye duka la dawa kama ipo isiyo na sukari. Usione haya kuuliza. Nasi tunapaswa kuona haya kwa kutosema.

Wale waliokulia Nakuru, Naivasha na sehemu nyingine za Bonde la Ufa ambako maji yana floraidi nyingi wanajua meno ya rangi ya kahawia. Rangi hiyo ikiwa juu ya jino gumu lisilo na shimo, si kuoza. Lakini usiamue mwenyewe kwamba ni maji, mwonyeshe daktari. Nimeona mama aliyeambiwa na jirani kwamba ni maji ya nyumbani, kumbe mtoto ana matundu sita.

Mwisho, mpeleke mtoto kwa daktari wa meno kabla hajatimiza mwaka mmoja au mara tu meno yanapoonekana, akiwa mzima, bila maumivu. Mtoto anayekutana na daktari wa meno mara ya kwanza siku ya kung'olewa atamwogopa maisha yake yote.

Nitaulizwa kuhusu gharama. Nilimhesabia mama yule gharama alizokwisha kutumia kwa meno ambayo "yataanguka tu." Ziara tatu kwangu, dawa za duka mara kadhaa, siku nne za hospitali, na siku sita ambazo hakufungua kibanda chake cha mboga. Bei ya mswaki na dawa ya meno ya mwaka mzima haikukaribia hata robo yake. Umaskini ndio sababu hasa ya kuwahi.

Mtoto huyo sasa ana miaka mitano na yumo PP2. Mwezi jana aliletwa kwa kikohozi. Kabla sijachukua tochi, alifungua kinywa mwenyewe na kuvuta mdomo wake wa juu kwa vidole viwili ili nimwone meno. Mama yake alicheka. Nikayatazama yote, moja baada ya jingine, kisha ndipo nikaenda kooni.